MGENI MPELEKE UWANJANI, LAKINI MWANAO USIMVISHE BIA



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu wazazi na vijana wetu wanafunzi, kila zinapofika likizo na sikukuu, nyumba zetu hapa Nyamirambo, Kigali, hujaa wageni. Wanatoka Kampala, Bukoba, Dar es Salaam na Mombasa, na wengine mbali zaidi, Oman na Ulaya. Mgeni akishakula na kupumzika anataka kutembezwa, na vijana aliokuja nao swali lao la kwanza ni mpira: timu gani inacheza, uwanja uko wapi, na jezi zinauzwa wapi.

Hapo ndipo mvutano unapoanza. Baba wa kwanza anasema mpira ni haramu, mgeni akae nyumbani. Baba wa pili anasema mpira ni starehe tu, anawapeleka wote, na wakitoka anamnunulia kila mtoto jezi bila ya kuangalia kifuani kumeandikwa nini. Mimi nasema wote wawili wamekosea. Na la ajabu zaidi, kosa la wa kwanza ndilo linalomlea wa pili.

UWANJA TUNAOSWALIA IDI

Tuanze na ndugu yetu wa kwanza. Hoja zake tunazijua. Anasema uwanjani kuna kelele, kuna matusi, kuna kupoteza wakati, na wachezaji wanaacha mapaja wazi. Mengine katika hayo ni kweli. Matusi ni haramu popote yanapotamkwa, na wanazuoni wamezungumza juu ya uchi wa mwanamume tangu zamani, wengi wao wakihesabu paja kuwa ndani yake. Lakini kutoka hapo mpaka kusema kwamba kutazama mchezo ni haramu kwa asili yake, huo ni mwendo mrefu, na ndugu yetu ameukata bila ya dalili.

Katika Bukhari na Muslim imekuja habari ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) siku ya Idi. Mtume hakuwafukuza. Alisimama akamkinga Bibi Aisha (R.A.) kwa shuka yake, naye akatazama mpaka akatosheka mwenyewe. Hebu zingatia mambo matatu: waliocheza walikuwa na asili ya ugenini, aliyetazama alikuwa mwanamke wa nyumba ya Mtume, na mahali palikuwa msikitini.

Tena Bukhari amepokea kwamba Mtume alishindanisha farasi, waliozoezwa kwa masafa yao na wasiozoezwa kwa masafa yao, na Ibn Umar (R.A.) alikuwa miongoni mwa walioshindana. Na ipo habari ya ngamia wa Mtume aliyeitwa Adhbaa, ambaye alikuwa hashindwi mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake mchanga, akampita. Masahaba wakaona uzito mioyoni mwao. Mtume hakukasirika wala hakumlaumu bedui. Aliwafundisha kwamba ni haki ya Allah kukishusha kila kinachopanda katika dunia hii. Hebu fikiria, masahaba walihuzunika kwa sababu wao walikuwa watazamaji wenye upande wao, na mshindi alikuwa mtu wa kuja. Wangapi katika mashabiki wetu leo wanaweza kushindwa namna hiyo, bila ya kumtukana refa na mama yake?

Na uwanja wenyewe tuutazame. Uwanja wa Nyamirambo, uliopewa jina la Kigali Pelé Stadium mwezi wa Machi 2023, ndio uwanja tunaokusanyika kwa maelfu kuswali swala ya Idi. Unapataje, ewe ndugu, kusujudu juu ya nyasi zile asubuhi ya Idi, kisha wiki inayofuata ukamwambia mwanao kwamba pale ni nyumba ya shetani? Mtoto ana akili. Akiona hoja haisimami kwa miguu yake, anaitupa, na pamoja nayo anazitupa hoja zako nyingine zilizo sahihi.

Hapa ndipo ninapotaka tufike. Mwenye kukataza kila kitu hasikilizwi katika kitu chochote. Tumetumia miaka mingi kuwaambia vijana kwamba mpira wote ni haramu. Hawakutusikiliza, wakaenda. Walipofika kule wakakuta haramu iliyo wazi kabisa, ya ulevi na kamari, na sisi hatukuwa nao kuwaonyesha, kwa sababu tulikuwa tumebaki nyumbani tukigombana na mpira.

MGENI AONE NINI

Kwa hiyo mgeni mpeleke. Mpeleke akaijue nchi. Kukaa naye kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira, mkitazama timu ya Uingereza ambayo angeweza kuitazama kwake, siko kumtembeza. Timu za hapa zina historia yake. Rayon Sports ilianzishwa mwaka 1968 na asili yake ni Nyanza, mji wa wafalme wa zamani. Rangi yake ni buluu na wapenzi wake wanaiita Gikundiro, yaani kipenzi. Mwaka 2018 ilifika robo fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, jambo ambalo klabu ya Rwanda haikuwa imelifanya kabla. Mpinzani wake ni APR, timu ya jeshi iliyoanzishwa mwaka 1993, yenye nyeusi na nyeupe. Kiyovu, wenye kijani, ni wazee wa Kigali tangu mwaka 1964. Mgeni akienda Huye atawakuta Mukura. Akienda Musanze kwenye milima ya volkano, kuna timu yenye jina la mji huo. Akishuka Rubavu kwenye ufuko wa ziwa Kivu atazikuta Etincelles na Marine, zinazotumia uwanja mmoja wa Umuganda.

Akitaka uwanja mkubwa, upo Amahoro kule Remera, uliofunguliwa upya tarehe 1 Julai 2024 ukiwa na viti 45,000. Mkifika pale, kaa na watoto uwaeleze kwamba mwaka 1994 maelfu ya watu walijihifadhi ndani ya uwanja huo chini ya askari wa Umoja wa Mataifa. Hilo ni somo, na mtoto aliyeketi pale halisahau.

Asiyetaka mpira, zipo baiskeli. Tour du Rwanda ilianza mwaka 1988, na kwa kawaida hufanyika mwezi wa Februari. Haina tiketi, unasimama kando ya barabara na familia yako na kikapu cha sambusa. Mwezi wa Septemba 2025 yalifanyika hapa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na wapanda baiskeli hodari wa dunia wakatokwa jasho kwenye mlima wetu wa mawe wanaouita Ukuta wa Kigali. Na kwa mpira wa kikapu, Ligi ya Afrika ilianza hapa Kigali mwaka 2021, na bingwa wa kwanza alikuwa Zamalek wa Misri.

Sharti ni swala. Kigali jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Mechi inayoanza saa tisa alasiri inakwisha kabla ya saa kumi na moja, na Alasiri inaswaliwa bila ya wasiwasi. Mechi inayoanza saa kumi na mbili inaanza pamoja na Magharibi, na ukingoja filimbi ya mwisho Magharibi imekwenda. Basi chagua ya saa tisa. Na kama ni lazima iwe ya usiku, panga kabla ya kutoka nyumbani mtaswali wapi mapumziko yanapoingia. Nyamirambo mtu hana udhuru, maana misikiti iko kwenye barabara ile ile ya kwenda uwanjani, na Masjid al-Fat'h upo tangu mwaka 1913.

KIFUANI KUMEANDIKWA NINI

Sasa tumgeukie baba wa pili, anayetoka uwanjani na watoto wanne na jezi nne.

Tangu mwaka 2014, na kwa misimu mingi baada ya hapo, jezi ya Rayon Sports imebeba jina la bia. Ligi yenyewe kuna misimu iliitwa kwa jina la bia nyingine. Ukienda kwa jirani zetu utakuta kamari: Tanzania, Simba na Yanga zote mbili ziliingia mwaka 2017 zikiwa na jina la kampuni moja ya kamari kifuani. Kenya, Gor Mahia ilibeba jina hilo hilo, mpaka mwaka 2019 Serikali ilipozinyima kampuni za kamari leseni na kampuni ile ikaondoa udhamini wake. Kwa hiyo mgeni anayebadilishana jezi na mwenyeji, mara nyingi anatoa kamari anapokea bia.

Ukimwambia baba huyu, anajibu kwa maneno mawili: "Ni nembo tu."

Ndugu yangu, kama ni nembo tu, kwa nini inalipiwa? Mwaka 2018 nchi yetu iliingia mkataba na Arsenal ili maneno ya kuwaalika watu waitembelee Rwanda yaandikwe kwenye mkono wa jezi. Mwaka 2019 ikafuata Paris Saint-Germain. Zililipwa fedha nyingi sana, na waliolipa si wajinga. Walijua kwamba jina likikaa kwenye nguo ya mtu anayependwa, upendo ule unahamia kwenye jina. Na kweli, wapo wageni wanaofika hapa wakisema nchi hii walianza kuiona kwenye jezi. Basi ikiwa jina la mkononi linaweza kumleta mtu kutoka London mpaka kwenye milima ya volkano, jina la kifuani linashindwaje kumfikisha mwanao baa ya mtaani?

Sheria yetu imeliona hili zamani. Tirmidhi amepokea kwamba katika ulevi Mtume (S.A.W.) aliwalaani watu kumi, na mnywaji ni mmoja tu kati yao. Wamo anayeukamua, anayeuuza, anayekula thamani yake, na anayeubeba. Sisemi kwamba mtoto aliyevaa jezi ameingia katika laana hiyo. Mtoto hana kosa, na nembo si chupa. Nasema angalia hekima: Mtume hakungoja glasi ifike mdomoni. Aliifunga njia yote, kutoka shambani mpaka mezani. Na kutangaza ni sehemu ya njia.

Na katika kamari jambo ni kali zaidi. Imepokewa na Bukhari kwamba mtu akimwambia mwenzake tu njoo tucheze kamari, basi atoe sadaka. Hawajacheza bado! Ni ule mwaliko peke yake umehitaji kusafishwa. Je, jezi yenye jina la kamari inasema nini kila inapopita barabarani, kama si njoo tucheze? Na mwanao anasema maneno hayo mchana kutwa, sokoni, shuleni, na jioni anakuja nayo madrasa, anakaa mbele ya mwalimu na juzuu mapajani, kichwa kimeinama kwenye Suratul Maida na kifuani kimeandikwa kile kile ambacho aya ya 90 imemwambia akiepuke. Aya inayofuata inaeleza kwamba shetani anataka kwa ulevi na kamari kuwatia watu uadui na kuwazuia na swala. Uadui na kupitwa na swala: je, si hayo ndiyo malalamiko yote ya baba wa kwanza juu ya uwanja? Aliuona ugonjwa, akaulaumu mpira, na aliyeuleta kauacha kifuani.

WATASEMA TIMU ITAKUFA

Wapo watakaosema: bila ya kampuni hizo timu zetu zitakufa, wachezaji watakula nini? Hoja hii ina uzito na haifai kudharauliwa. Wachezaji wengi wa ligi zetu hawana mishahara ya kujivunia. Lakini tusifanywe tuamini kwamba duniani hakuna biashara isipokuwa bia na kamari. Mwaka 2015 ligi ya Rwanda iliingia mkataba na Azam TV ya Tanzania, ikaitwa kwa jina la Azam, na mpira ukachezwa. Benki zinadhamini, kampuni za simu zinadhamini, viwanda vya unga na maji vinaweza. Na matajiri wa Kiislamu, ambao husikiki udhamini wao isipokuwa kwenye mashindano ya Ramadhani, nao wajiulize wamewaachia nani uwanja.

Wapo pia watakaosema: mtu mmoja atafanya nini? Mwaka 2006 Frédéric Kanouté, mchezaji wa Mali aliyekuwa Sevilla ya Hispania, alikataa kutangaza kampuni ya kamari iliyoandikwa kwenye jezi ya klabu yake, akaliziba jina lile. Hakufukuzwa, na wala hakushuka kiwango. Alikuwa Mchezaji Bora wa Afrika wa mwaka 2007, na mwaka huo huo akatoa fedha zake kuunusuru msikiti wa Sevilla usiuzwe. Hashim Amla wa Afrika Kusini alicheza kriketi miaka mingi bila ya nembo ya bia iliyokuwa kwenye jezi za wenzake, na mwaka 2012 akawa mtu wa kwanza wa nchi yake kufikisha mikimbio 300 katika mechi ya Test. Hawa ndio waliokuwa kazini, mshahara wao uko mezani, na wameweza. Wewe ambaye unanunua kwa fedha yako mwenyewe, nani amekulazimisha?

Na kama mifano ya Waislamu haikutoshi, chukua ya wasio Waislamu. Liverpool ilibeba jina la bia tangu mwaka 1992 mpaka 2010, lakini kwa zaidi ya miaka kumi na tano sasa kanuni za biashara hizo kule Uingereza zinazuia jina la bia au la kamari kuwekwa kwenye jezi za watoto. Jezi ya baba ina jina, ya mtoto ni tupu. Na mwezi wa Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu ya huko zilikubaliana kuiondoa kamari mbele ya jezi zao za mechi mwisho wa msimu wa 2025/26. Watu ambao dini yao haikuwaharamishia kamari wameona haya kumvisha mtoto. Sisi tuliokatazwa kwa aya tunapanga foleni kununua!

TUFANYE NINI

Sikwambii ufumbe macho uwanjani. Matangazo ya ukutani yapo mjini kote, na ukitaka kuyakimbia utahama dunia. Kinachopita mbele ya macho yako si sawa na unachokinunua na kukibeba. Ukuta wa uwanja haumo mikononi mwako. Kifua cha mwanao kimo.

Kwanza, usinunue jezi yenye ulevi au kamari, si ya mtoto wala yako. Mtoto anataka rangi: Nyamirambo imejaa mafundi cherehani. Nunua kitambaa cha buluu, au cha kijani, au nyeusi na nyeupe, ashonewe shati safi la rangi ya timu yake. Mgeni naye umpe zawadi hiyo arudi nayo kwao.

Pili, tuziombe klabu zetu jezi za watoto zisizo na nembo ya bia wala kamari. Barua ya mzazi mmoja hutupwa. Barua ya wazazi mia mbili wa mtaa mmoja husomwa, kwa sababu ni wateja mia mbili. Mashabiki wa Kiislamu ni wengi katika viwanja hivi, na hatujawahi kudai hata hilo moja.

Tatu, walimu wenzangu wa madrasa, tusiwafukuze watoto waliokuja na jezi hizo, wala tusiwaaibishe mbele ya wenzao. Tuwafundishe kusoma kilichoandikwa vifuani mwao kama tunavyowafundisha herufi. Mtoto akijua kwamba kampuni inamtumia kutangaza bila ya kumlipa hata faranga moja, atachukia mwenyewe.

Nne, nanyi mnaoharamisha mpira wote, njooni uwanjani. Njooni mkae na vijana, mswali nao Alasiri, mkemee matusi mkiwa hapo hapo. Kijana humsikiliza aliyekaa naye jua lile lile.

Tunamuomba Allah (S.W.) atulindie watoto wetu macho yao, nyoyo zao na vifua vyao, na atujaalie wenyeji wema kwa wageni wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.